Swichi inayowashwa na sauti: kwa nini inameza neno la kwanza na kunasa feni

SWALI: Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao, na nina kinasa sauti kidogo chenye uwezo wa kujiwasha mtu anapoongea. Kikao cha saa mbili hunipa rekodi ya dakika hamsini na kitu, maneno ya mwanzo yamekatwa, na mara nyingine nakuta dakika nzima za feni tupu. Wenzangu wa ulinzi wana wokitoki zenye alama ya VOX, yaani nazo hujiwasha kwa sauti, na wanalalamika hivyohivyo. Chombo kinajuaje kwamba anayesikika ni mtu anaongea? Na je, kasoro hizi zinarekebishika?

JIBU: Ndugu muulizaji, hakijui. Kinasa sauti chako hakina habari na mtu, neno wala lugha. Kinapima kitu kimoja tu, yaani ukubwa wa umeme unaotoka kwenye maiki kwa wakati ule. Ukizidi kiwango fulani kinawaka, ukishuka na kubaki chini kwa muda fulani kinazima. Feni, kiti kinachoburutwa, kikohozi na hotuba ya mwenyekiti, kwake vyote ni sawa, vinapishana kimo tu. Ukishalishika hilo, malalamiko yako yote matatu yanaelezeka, na utaona lipi la kurekebisha na lipi la kuishi nalo.

Tufungue kifuniko. Maiki hutoa umeme mdogo mno, wa milivolti chache, kwa hiyo kwanza unapita kwenye amplifaya ili ukuzwe. Umeme huo unapanda na kushuka mara mamia kwa sekunde kwa kufuata mtetemo wa sauti. Ukiupeleka hivyohivyo kwenye swichi, swichi nayo itajaribu kuwaka na kuzima mara mamia kwa sekunde. Ndiyo maana unapitishwa kwenye daiodi, ambayo huruhusu upande mmoja tu wa wimbi, kisha unaingizwa kwenye kapasita. Kapasita hapa inafanya kazi kama ndoo yenye tundu dogo chini: bomba linaijaza upesi, tundu linaivujisha polepole. Chombo kinasoma kimo cha maji ndani ya ndoo, hakisomi kila tone linaloingia.

Kasi ya kujaa na ya kuvuja huamuliwa na rezista, kipande kinachobana mtiririko wa umeme. Zidisha ukinzani wa rezista kwa uwezo wa kapasita, utapata muda. Kapasita ya mikrofaradi 1 ikijazwa kupitia rezista ya kiloomu 1, kipimo cha muda ni milisekunde 1. Kapasita hiyohiyo ikivuja kupitia rezista ya megaomu 1, kipimo ni sekunde 1. Kwa rezista mbili tu umepata swichi inayoamka upesi na kulala kwa kusitasita, na hivyo ndivyo mazungumzo yanavyotaka. Mtu anapotamka p, t au k, midomo au ulimi huziba hewa kabisa kwa kitambo kifupi kabla ya kuiachia. Kuna ukimya ndani ya neno lenyewe. Swichi ingekuwa na pupa ya kuzima, neno «kapteni» lingetoka vipande vitatu.

Mwishoni kuna kilinganishi, saketi inayopima volti za kapasita dhidi ya kizingiti ulichoweka. Mafundi waliokomaa huweka vizingiti viwili: cha kuwasha kiko juu, cha kuzima kiko chini kidogo. Pasipo pengo hilo, sauti inayocheza karibu na mpaka huifanya rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) igonge ta-ta-ta mfululizo. Vyombo vya siku hizi havina rilei wala daiodi ya kazi hiyo. Vinachukua namba zinazotoka kwenye maiki, vinapiga hesabu ya wastani wa nguvu yake, na kuulinganisha na namba nyingine. Umbo limebadilika, akili ni ileile.

Sasa neno la kwanza. Swichi ya sauti lazima ichelewe, kwa sababu haiwezi kuamka kabla ya sauti kuanza. Sehemu ya mwanzo ya sauti ndiyo inayotumika kuiamsha, na iliyotumika hivyo haiingii kwenye rekodi wala hewani. Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa sababu konsonanti kama h, s na f ni dhaifu kuliko irabu. Nyuzi za sauti hazitetemeki, ni hewa tu inapita. Mara nyingi kizingiti huvukwa irabu ikishafika.

Kwa sisi tunaotumia Kiswahili hili lina hatari yake. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya kwanza ya neno refu hutamkwa kwa nguvu ndogo. Na ukanushi wetu unakaa palepale mwanzoni. Mtu akisema «hatukubali» na swichi ikameza «ha», kinachobaki ni «tukubali». Ni silabi moja, fupi, isiyo na mkazo, inayoanza na h. Ukitaka kutengeneza sauti ya kuihadaa swichi hii usingepata bora kuliko hiyo. Mlinzi anayeuliza kama afungue geti akajibiwa «hatujaruhusu» anaweza kusikia kitu kingine kabisa.

Kwenye wokitoki, usiitupie VOX lawama yote. Swichi yenyewe huamka ndani ya milisekunde chache au makumi ya milisekunde. Baada yake kitumaji kinapaswa kuwaka na kutulia. Kisha redio ya upande wa pili, ambayo ilikuwa imefunga spika ili usisikie mfoko wa hewani, lazima igundue kwamba kuna mawimbi ndipo ifungue. Kama kundi lenu limewekewa ile toni ya chini inayotenganisha makundi (huwa kati ya hezi 67 na 254 hivi, spika haikupi uisikie), redio inahitaji muda wa kuitambua, na kwa toni ya masafa ya chini muda huo unaweza kukaribia robo ya sekunde. Mkipitia kwenye kituo cha kurudishia mawimbi, ongeza kuamka kwa kituo hicho. Jumlisha yote hayo: silabi mbili zimekwenda, na kama msemaji ana haraka, neno zima.

Anayebonyeza kitufe cha kutuma halipati tatizo hili kwa ukali uleule, kwa kuwa anabonyeza, anavuta pumzi, ndipo anasema. Muda wa kuvuta pumzi unalipia ucheleweshaji wote. Mwenye VOX hana pumzi hiyo, na dawa yake ni kuwa na neno la kutupa. Wenzako wa ulinzi waanze kila ujumbe kwa kitu ambacho kikipotea hakina hasara: «aaa» ndefu, au kuita jina la kituo mara mbili. Irabu wazi na ya nguvu ndiyo bora. Baada ya hapo swichi inakuwa imeshaamka, na kwa sababu ya ule uvujaji wa polepole inabaki macho hadi sentensi iishe, ilimradi msemaji hasiti kwa muda mrefu.

Kwenye vinasa sauti hadithi ni tofauti. Vile vya kanda vilikuwa na mota, na mota haifikii mwendo wake papo hapo, kwa hiyo hata silabi iliyowahi kuingia ilisikika imepindapinda. Vya kidijitali havina udhuru huo. Kumbukumbu inaweza kuandika sauti mfululizo kwenye sehemu ndogo inayojifuta, na swichi ikiamka, chombo kinachukua na zile sekunde chache zilizotangulia. Hapo neno la kwanza halipotei hata kidogo, kwa sababu chombo kilikuwa kimeshalihifadhi kabla ya kuamua kama linafaa. Vinasa vingi vya kitaaluma vina uwezo huu wa kurekodi kabla, vidogo vya mfukoni mara nyingi havina. Tazama menyu ya chako. Ukiukuta, uwashe leo.

Feni nayo inaingiaje? Hapa mhalifu kwa kawaida si swichi, ni jirani yake. Vinasa vingi vina mtambo wa kusawazisha sauti wenyewe: anayenong'ona huinuliwa, anayefoka hushushwa. Chumba kikinyamaza, mtambo huo hudhani kuna mtu anaongea kwa sauti ya chini sana, basi unaongeza ukuzaji, unaongeza tena, hadi mvumo wa feni unafika kizingiti. Swichi inawaka. Feni haikomi wala kupumzika, kwa hiyo swichi haizimi tena. Zima usawazishaji huo kama chombo kinaruhusu, uweke kiwango kwa mkono. Kama hakiruhusu, shusha unyeti wa maiki ufikie ule wa imla, unaokusudiwa kwa mtu anayeongea karibu. Na ukiona kitufe cha kukata sauti nzito, kibonyeze, maana nguvu nyingi ya feni na ya kiyoyozi iko chini ya hezi 150 hivi, na hotuba inaeleweka vizuri bila sehemu hiyo.

Lakini nikuambie kinachoharibu zaidi kuliko feni: mahali ulipokiweka. Kila umbali ukipungua kwa nusu, sauti ya msemaji kwenye maiki huongezeka kwa desibeli 6 hivi, wakati mvumo wa chumba unabaki palepale. Maiki iliyo sentimita 5 kutoka mdomoni inapata takriban desibeli 26 zaidi ya iliyo mita 1 mbali. Hiyo ndiyo sababu VOX inafanya kazi vizuri kwenye kofia ya rubani, mwendesha pikipiki au fundi aliyevaa maiki ya kichwani, halafu inashindwa katikati ya meza ya kikao. Mdomoni, mtu na mvumo wameachana mbali, na kizingiti kinakaa katikati kwa raha. Mezani, mjumbe wa kiti cha mwisho anakaribia kulingana na feni. Hakuna kizingiti kinachoweza kumchukua yeye na kuiacha feni, haijalishi umezungusha kitufe mara ngapi.

Mahali pa kelele kubwa sana, watu huiacha hewa kabisa. Maiki ya kufunga shingoni husikiliza mtetemo wa koo lenyewe, na mashine inayonguruma pembeni haigusi koo la mtu. Sauti yake inatoka butu, s na f zinafifia, lakini swichi inayoitegemea hukosea mara chache.

Wazo lenyewe si la juzi. Simu ya redio kati ya New York na London ilipofunguliwa Januari 1927, pande zote mbili zilitumia masafa yaleyale ya mawimbi marefu. Sauti ikiachiwa ipite pande zote kwa pamoja, kitumaji kinajisikia chenyewe na njia nzima inaanza kupiga mluzi. Wahandisi wakaweka swichi zinazoendeshwa na sauti ya msemaji: akianza kusema, njia ya kwenda inafunguka na ya kurudi inafungwa. Simu za mezani zenye spika ya wazi zilirithi mbinu hiyo, na ndiyo maana kwa nyingi kati ya hizo watu wawili wakisema kwa pamoja mmoja anakatika. Swichi mbili zinashindana, mwenye sauti kubwa anashinda.

Kisha wakagundua kwamba ukimya nao una faida. Kebo ya kwanza ya simu chini ya Atlantiki, TAT-1, ilianza kazi Septemba 1956 ikiwa na njia 36. Kwenye mazungumzo ya kawaida kila mtu hunyamaza zaidi ya nusu ya muda, maana anamsikiliza mwenzake. Mwaka 1960 ukaja mtambo uliomnyang'anya njia mtu aliyenyamaza na kumpa aliyeanza kusema, kisha ukamtafutia wa kwanza njia nyingine alipofungua tena mdomo. Watu wengi zaidi wakapita kwenye kebo ileile. Simu za mkononi hufanya jambo la ukoo huo: hupima sauti kwa vipande vya milisekunde 20, na ukinyamaza kitumaji hupumzika ili kutunza betri na kupunguza mwingiliano hewani. Kwa kuwa ukimya mtupu humfanya msikilizaji aanze kusema «haloo, haloo» akidhani simu imekatika, simu ya upande wa pili hutengeneza mvumo mdogo wa bandia. Ule mnong'ono unaousikia mwenzako akiwa kimya mara nyingi hautoki kwake.

Vyombo hivyo vimeipita swichi yako kwa akili. Haviangalii kimo peke yake. Vinauliza pia kama nguvu ya sauti imegawanyika kama inavyogawanyika kwenye hotuba, kama kuna mdundo wa nyuzi za sauti (kwa watu wazima huwa takriban kati ya hezi 85 na 255), na kama kiwango kinapanda na kushuka kwa mwendo wa silabi. Feni haina silabi. Siku hizi kazi hiyo imekabidhiwa programu zilizofunzwa kwa sauti nyingi za watu, na zinaifanya vizuri. Kinasa chako cha mfukoni, kwa dalili ulizoeleza, kinapima kimo tu.

Sasa nije kwenye dakika hamsini na kitu, jambo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Saa moja na zaidi iliyopotea si ukimya mtupu. Imo minong'ono ya viti vya nyuma, ambayo huenda ilikuwa ni pingamizi. Na hata pale ambapo ni ukimya kweli, ukimya wa kikao una maana. Mwenyekiti anauliza, «Kuna mwenye pingamizi?» Anasubiri sekunde kumi na tano, anatazama huku na huku, hakuna mkono. «Limepita.» Kwenye rekodi yako zile sekunde kumi na tano zimeondolewa, na anayesikiliza baadaye atasikia swali na hukumu vikifuatana moja kwa moja kana kwamba wajumbe hawakupewa nafasi. Kinyume chake nacho kinatokea: mtu aliyeulizwa swali gumu akakaa kimya kwa muda kabla ya kujibu, kwenye rekodi anasikika akijibu bila kusita.

Rekodi maarufu kuliko zote za swichi ya sauti ni za rais wa Marekani Richard Nixon, zilizonaswa Ikulu kati ya 1971 na 1973, takriban saa 3,700. Ofisini kwake vinasa vilijiwasha kwa sauti. Waliovifunga walijua kwamba sauti peke yake si kigezo cha kutosha, wakaviunganisha na mfumo ulioonyesha rais yuko sehemu gani, ili mfanya usafi asije akamaliza kanda. Kwenye chumba cha baraza la mawaziri waliweka kitufe cha kuwasha kwa mkono. Nadhani waliofanya uamuzi huo wa pili walikuwa na busara zaidi.

Kwa mihtasari, kwa hiyo, zima swichi hiyo. Ilikuwa na maana wakati kanda ilikuwa ya dakika thelathini kila upande na kila dakika ya ukimya ilikula mkanda. Leo saa mbili za hotuba kwa ubora wa kawaida haziwezi kujaza hata kumbukumbu ndogo kabisa inayouzwa. Rekodi mfululizo, kisha kama unataka kuruka ukimya wakati wa kusikiliza, tumia programu ya kuuruka ukimya. Hapo faili asili inabaki nzima na saa yake inalingana na saa ya ukutani. Iache swichi ya sauti kwa kazi ambayo muda mwingi hakuna kitu na ukipoteza kipande hakuna atakayeumia: kujirekodia maneno yako mwenyewe, kusikiliza chaneli ya redio ambayo hulia mara moja kwa saa, kujua ndege gani hulia usiku.

Kwa wenzako wa ulinzi, VOX inafaa pale tu mikono imeshikwa kweli na maiki iko kichwani. Wokitoki iliyoning'inia kiunoni ikiwa kwenye VOX, kando ya barabara, itaishia kutuma ngurumo za magari na kuwafungia wengine chaneli. Waangalie pia kwenye menyu kama kuna ukomo wa muda wa kutuma, wauweke dakika moja, ili swichi ikikwama wazi redio ijikate yenyewe.

Mpangilio wa VOX una utaratibu wake. Mlinzi aanze na unyeti ukiwa chini kabisa, aongee kwa sauti yake ya kazini, si ile ya majaribio ya «moja, mbili», huku akipandisha hatua moja moja hadi taa ya kutuma iwake kila mara anaposema. Anyamaze, asikilize mazingira: taa ikiwaka yenyewe, arudi hatua moja nyuma, asogeze maiki karibu na mdomo badala ya kuongeza unyeti. Uangalifu unahitajika kwenye namba za menyu, kwani kwa watengenezaji wengine 1 ni nyeti kuliko zote na kwa wengine ni butu kuliko zote. Baada ya hapo ndipo aweke muda wa kubaki wazi. Nusu sekunde inawafaa wanaosema kwa kasi. Anayefikiri huku anasema apewe sekunde nzima. Ukizidi hapo mwenzake anamjibu naye hasikii, kwa sababu redio yake bado inatuma ukimya.

Redio kubwa za mezani zina kitufe cha tatu, kilichoandikwa anti-VOX. Chenyewe huchukua kipande cha sauti inayokwenda kwenye spika na kukitoa kwenye kipimo cha maiki, ili sauti ya mwenzako ikitoka kwenye spika isiiamshe swichi yako. Kipandishwe spika ikiwa kwenye kiwango cha kawaida, hadi swichi iache kushtuka mwenzako anaposema, kisha kiachwe hapo. Kikipita, swichi itakuwa nzito hata kwa mwenyewe. Wokitoki ndogo kwa kawaida haina kitufe hicho, na kwayo suluhisho ni spika ya sikioni.

Jaribio la mwisho lifanywe na mtu wa upande wa pili. Mlinzi mmoja aende mbali, mwingine amsomee kwa VOX sentensi kumi zilizoandikwa kwenye karatasi, nusu zikianza na «hatu» na nusu zikianza na «tu», bila neno la kutupa. Aliye mbali aandike anachosikia. Zikitofautiana hata moja, warudie na neno la kutupa mbele, na zikiendelea kutofautiana waache VOX, warudi kwenye kitufe cha kutuma.